Kumfuata Msafiri kwa Ramani

Jioni hii twataka kusema nanyi juu ya safari ya baiskeli. Lakini hatutasimulia sana habari za yule aliyeipanda, bali habari za wale waliobaki nyumbani wakimngoja. Mtu aendaye safari ndefu peke yake husifiwa arudipo, na sifa hiyo ni haki yake. Ila waliobaki nao husafiri, kwa moyo na kwa hesabu, wala hakuna awapigiaye makofi. Sisi tuliifanya kazi hiyo mwaka 2019, tukajifunza jambo moja, nalo ndilo tuliloleta kwenu.

Nyumba yetu iko Mwanza, karibu na ziwa. Bwana wa nyumba ni fundi wa baiskeli. Alikuwa ametengeneza baiskeli za watu zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka hiyo yote hakwenda na ya kwake mbali kuliko sokoni. Mwezi wa Mei mwaka ule alitutangazia kwamba ataka kwenda Dar es Salaam kwa baiskeli, peke yake, atoke penye maji matamu hata afike penye maji ya chumvi. Njia hiyo hupita Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro, nayo ni zaidi ya kilomita 1,100. Mama yake aliposikia alishika kichwa, akasema, "Mwanangu, mabasi yaenda kila siku. Una deni gani na barabara?" Naye akajibu, "Mama, kila siku natengeneza miguu ya watu wengine. Nataka nami nitembee kabla magoti hayajakataa."

Aliyeombwa ruhusa hasa ni mkewe, ndiye anenaye nanyi sasa kwa niaba ya nyumba nzima. Hatukuitoa siku ile. Twaijua barabara kuu: malori na mabasi hupita kwa kasi, na mwenye baiskeli hana bati la kumkinga. Siku ya tatu tuliitoa kwa masharti manne. La kwanza, asiende usiku kabisa. La pili, avae nguo ya rangi ya kung'aa, na kwenye usukani afunge kioo, ili alione lori lijalo nyuma yake na kushuka pembeni mapema. La tatu, kila alalapo atuletee ujumbe kwa simu, wenye jina la mahali na namba ya simu ya mtu aliyempa malazi. La nne, akinyamaza tungoje hata jua la siku ya pili litue. Likitua bila neno, ndugu yake apande basi akamtafute, wala mtu asiulize tena. Sharti hili la nne lilituletea maneno mengi, kwani mama yake aliona siku mbili ni nyingi. Kumbe ndilo lililotufaa kuliko yote.

Akaondoka alfajiri moja mwezi wa Juni, na nyuma amefunga blanketi, pampu, gundi na viraka, spoki za akiba, mnyororo wa akiba, na dumu la maji. Watoto walibandika ramani ya nchi ukutani, wakaanza kazi yao. Kila jioni mmoja husoma ujumbe kwa sauti, na bibi yao huchoma pini penye mji uliotajwa. Siku ya pili pini ilifika Shinyanga, ya tatu Nzega, ya nne Igunga. Siku ya tano msafiri wetu alivuka mbuga ya Wembere, akaisukuma baiskeli kwa miguu kuupanda mlima wa Sekenke, nchi iliyochimbwa dhahabu tangu zama za utawala wa Wajerumani. Siku ya sita akalala Singida. Bibi, ambaye hakusoma shule hata siku moja, akawa aitaja miji ile kwa taratibu yake bila kukosea, na majirani wakaja jioni kumsikiliza.

Tangu Singida ujumbe ulianza kuwa mfupi. Mmoja ulikuwa na neno moja tu baada ya jina la mahali: "Upepo." Sisi tulicheka, maana hatukulifahamu. Wakati wa kiangazi upepo wa kusi huvuma kutoka baharini, upande wa kusini na mashariki, na katika uwanda wa kati wa nchi yetu, penye miti michache, hauna wa kuuzuia. Naye alikuwa akienda kuuelekea. Alipumzika siku moja, kisha akatumia siku mbili nzima kufika Manyoni. Kutoka hapo hata Dodoma ni zaidi ya kilomita 120, naye alitwambia atazimaliza kwa siku moja, kwa kuwa mwanzo wake ni mteremko.

Jioni ile ujumbe haukuja. Tulipiga simu yake, nayo ilikuwa imezimwa. Asubuhi yake jirani mmoja aliingia, akasema amesikia kwa mtu, naye amesikia kwa utingo wa lori, ya kwamba mwenye baiskeli amegongwa katika njia ya Dodoma. Mama mkwe akaanza kulia kilio cha msiba. Watu wakaja, wengine wakashauri tukodi gari saa ile ile, wengine wakataka fedha zichangwe. Nasi, wasikilizaji, hatuwafichi: magoti yetu yalilegea, tukajuta kwa nini tulitoa ruhusa.

Ndipo mtoto wetu wa kati akauliza, "Mama, namba ya mwenye nyumba ya Manyoni si tunayo?" Tukapiga. Mtu yule alijibu kwa upole, akasema mgeni wetu hakuondoka alfajiri. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepinda, akalinyoosha, akaondoka saa nne. Tena nyumba ile haikuwa na umeme usiku huo, wala simu ya mgeni haikupata moto. Basi tukaenda penye ramani tukaanza kufikiri. Manyoni iko juu, zaidi ya mita 1,200. Bahi iko bondeni, katika Bonde la Ufa, chini ya mita 900. Na Dodoma iko juu tena, zaidi ya mita 1,100. Aliyeondoka saa nne, mwenye upepo usoni, atateremka vizuri hata Bahi, lakini hatapanda kufika Dodoma kabla ya giza. Na usiku amekatazwa. Kwa hiyo amelala Bahi au karibu yake, na simu yake imekufa. Tukamwambia mama mkwe, "Mama, hesabu yasema hivi. Tungoje jua." Ndugu yake akafunga mfuko wake, akauweka mlangoni, akaketi.

Hesabu si kinga, wasikilizaji. Isingaliweza kulizuia lori. Lakini ilitupa kujua ni saa ngapi ya kungoja na ni saa ngapi ya kuondoka, nasi hatukuzitupa fedha wala akili zetu kwa uvumi. Saa kumi alasiri simu ililia. Alikuwa Dodoma, sauti imekauka kwa vumbi. Alilala Bahi. Bibi alichoma pini mbili kwa pamoja, kisha akamtuma mjukuu amwite yule jirani ili aje azione.

Kumfuata msafiri kwa habari za watu ni jambo la zamani. Mwaka 1894 mwanamke mmoja wa Boston, katika Marekani, Annie Kopchovsky, aliyejulikana zaidi kwa jina la Annie Londonderry, aliondoka mwezi wa Juni kuizunguka dunia na baiskeli, akimwacha mumewe na watoto watatu wadogo. Baiskeli yake ya kwanza ilikuwa na uzito wa yapata kilo 19, naye huko Chicago aliibadili kwa nyingine nyepesi. Sehemu kubwa ya njia alipita kwa meli, akamaliza safari Chicago mwezi wa Septemba mwaka 1895. Magazeti yaliandika visa vyake vya kutisha, na vingi alivisimulia mwenyewe navyo havikuwa vya kweli. Fikirini mtu aliyebaki nyumbani na watoto, na karatasi kama ile mkononi! Sisi tulisumbuliwa na maneno ya utingo mmoja kwa saa chache tu.

Msafiri wetu alipita Gairo na Morogoro, akafika pwani siku ya kumi na tisa, akarudi kwetu kwa basi, na baiskeli katika sehemu ya mizigo. Alileta chupa ndogo ya maji ya bahari. Mama yake aliyaonja, akatema, akasema, "Kweli ni chumvi. Sasa ukae."

Basi neno letu ni hili. Mtu wa nyumbani mwenu akitaka kwenda mbali peke yake, msimzuie kwa hofu tu, wala msimwache aende kwa mapenzi tu. Kaeni naye kwanza, mpatane njia, ishara, na saa ya kuanza kumtafuta. Kisha ijueni nchi atakayopita, vilima vyake na upepo wake, maana kilomita za ramani zote ni sawa, lakini za barabara sivyo. Mkiisha kufanya hayo, kungoja kwenu kutakuwa kazi yenye akili, wala si kilio.

Kwa herini, na Mungu awalinde walio njiani na wanaowangoja.