SAFARI YA WAIMBAJI WA FISK



Siku ya Ijumaa, tarehe 6 Oktoba, 1871, vijana tisa waliondoka Nashville, Marekani, kwenda Cincinnati kuimba. Wengi wao walizaliwa utumwani. Shule yao ya Fisk, iliyofunguliwa na wamisheni mwaka 1866, ilizama katika deni. Mshika fedha wake, Bwana George White, ndiye aliyewafundisha kuimba, naye alikata shauri kuwachukua, ijapokuwa wakubwa wa misheni hawakupendezwa na safari hiyo.

Jumapili usiku, tarehe 8, moto mkubwa ulizuka Chicago, na watu wapatao 100,000 wakakosa makao. Tamasha la kwanza la waimbaji hao liliwapatia pungufu ya dola 50. Kila senti ilihitajiwa kwa chakula na malazi, tena hoteli nyingine hazikuwapokea watu weusi. Hata hivyo fedha zote walizitoa kwa walioteketezewa nyumba. Mshika fedha gani mwingine angalikubali jambo hilo?

Hapo mwanzo waliimba zaidi nyimbo za Kizungu, na wasikilizaji walipiga makofi ya adabu tu. Walipozidisha nyimbo walizorithi kwa wazee wao watumwa, nyimbo ambazo wengine wao waliona haya kuziimba mbele ya wageni, watu walitokwa na machozi.

Safari iliendelea hadi mwaka 1872, wakarudi na dola 20,000. Jengo lililojengwa kwa fedha za nyimbo zao, Jubilee Hall, lilifunguliwa mwaka 1876, na lingaliko.