Mbwa Kali

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za kiumbe ambaye pengine wengi wenu mnamsikia sasa hivi akibweka nje ya dirisha, yaani mbwa.

Ukitembea hapa kwetu Kamenu wakati wa jioni, utaona malango mengi yenye kibao cha bati, na juu yake maneno mawili tu: MBWA KALI. Walimu wa Kiswahili watasema ilipasa kuandikwa "Mbwa Mkali", lakini wachoraji wa vibao walikwisha kuamua zamani, nasi hatutashindana nao. Nyuma ya lango hilo yumo Simba, au Tomi, au Popi. Mchana kutwa amefungwa mnyororo penye kibanda cha mabati. Usiku hufunguliwa azunguke uani. Chakula chake ni ukoko wa ugali, na mafundisho yake ni jiwe, fimbo na teke. Akikua hivyo hata hakuna mgeni awezaye kuingia, mwenyewe husema kwa fahari, "Huyu ni mkali kwelikweli."

Lakini je, ni mkali, au ni mwoga? Tusidhani ni swali la mchezo.

Katika nyumba moja ya jirani zetu palikuwa na mbwa aliyeletwa akiwa mtoto mdogo, akalelewa pamoja na watoto wa nyumba ile. Siku moja kijana wao wa miaka saba alifuata mpira wake uliobingirika hadi karibu na sahani ya mbwa. Mbwa alimwuma mkono, bila kubweka, bila kunguruma. Mama alifanya jambo la busara sana: aliosha jeraha lile kwa maji na sabuni kwa muda wa robo saa nzima, kisha akamkimbiza mtoto hospitalini, akaanzishiwa sindano za kinga ya kichaa cha mbwa siku ile ile. Tunawaomba nyote mlishike jambo hilo, hata kama mtasahau mengine yote ya leo, maana ugonjwa huo ukikwisha kuonyesha dalili zake, karibu hakuna anayepona.

Sisi pamoja na mzee mmoja wa kanisa tulipofika, tulimkuta baba amekwisha kuamua kwamba mbwa auawe kabla jua halijatua. Daktari wa mifugo alikuwa amewaambia asiuawe kwanza, bali afungiwe mahali salama kwa siku kumi. Kwa sababu mbwa aliyeuma akiwa bado mzima baada ya siku kumi, hakuwa na uwezo wa kuambukiza kichaa siku ile alipouma. Tukaketi. Ndipo baba akatuambia maneno ambayo hatujayasahau. Alisema, "Mwanzoni alikuwa ananguruma mtu akipita karibu na sahani yake. Nikampiga kila aliponguruma, mpaka akaacha. Tukajua amepata adabu."

Wapendwa, yule mbwa hakupata adabu. Alijifunza kunyamaza. Kunguruma ni onyo, ni namna ya mbwa kusema, "Naogopa kunyang'anywa, tafadhali usinikaribie." Tunapompiga kwa kunguruma, ile hofu haiondoki, bali huongezeka, kwa kuwa sasa anayekaribia sahani ni mwenye fimbo pia. Kinachoondoka ni onyo peke yake. Ni kama mtu aliyechoshwa na kengele ya moto akaikata kamba yake. Moto hakuuzima.

Tulipokuwa chuo cha theolojia tulisoma habari za Balaamu katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22, na walimu wetu walikazia sana unabii wake. Lakini mwangalieni punda. Mara ya kwanza aliiacha njia akaingia shambani; mara ya pili akajibana ukutani hata akauumiza mguu wa bwana wake; mara ya tatu akalala chini kabisa. Mara zote tatu alipigwa, na mara zote tatu alikuwa na sababu ambayo aliyempanda hakuiona. Kisha punda alipopewa kinywa cha kusema, hakutoa mafundisho makubwa. Aliuliza tu kama alikuwa na desturi ya kufanya hivyo siku zote walizokuwa pamoja. Hilo ndilo swali ambalo mwenye mbwa angejiuliza kabla ya kuokota fimbo.

Mbwa hafahamu hotuba. Hesabu yake ni fupi: nimefanya nini, na mara ile ile kimefuata nini? Kikifuata kitu kizuri, atafanya tena. Kikifuata kitu kibaya, atakiogopa kile alichokuwa anakitazama wakati ule, na mara nyingi alikuwa anakutazama wewe. Fikiri juu ya mbwa aliyetoroka lango likiwa wazi. Unamwita nusu saa nzima. Mwishowe anarudi, naye anapokelewa kwa mshipi. Wewe unadhani umemwadhibu kwa kutoroka. Yeye amepigwa alipokuwa anarudi, basi ndilo alilojifunza: kurudi nyumbani ni hatari.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu na mbwa wao wa kulala kitandani. Basi twende jirani tu, Morogoro, Tanzania, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Hapo shirika liitwalo APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000. Panya hao hunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, na wengine hunusa makohozi ili kugundua kifua kikuu. Wanafundishwaje? Kwanza huzoeshwa watu wakiwa wachanga. Kisha husikia mlio mdogo, "tik", na papo hapo hupewa chakula, kwa mfano kipande cha ndizi, hata wakajua kwamba mlio ule ni ahadi isiyovunjwa. Baada ya hapo mlio huja pale tu panya anaponusa harufu inayotakiwa na kutulia juu yake. Kazi hiyo huchukua miezi kama tisa. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia mwaka 2016; akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza, PDSA, mwaka 2020; na kufikia kustaafu kwake mwaka 2021 alikuwa amegundua mabomu na vilipuzi zaidi ya mia moja. Alikufa Januari 2022. Huwezi kumchapa panya mpaka akubali kutafuta bomu. Na kama panya anafundishika hivyo, Simba wako atashindwaje, ambaye amezaliwa akitamani kukufuata?

Tena yako malalamiko mengine: "Mchungaji, mbwa akipewa vitu vitamu atakuwa mpole, nao wezi je?" Tunajibu kwamba mbwa wanaonusa pembe za ndovu katika uwanja wa ndege wa Nairobi na bandari ya Mombasa hufanya kazi hiyo ngumu kwa kutumaini mchezo na mpira wao. Watafiti wa Porto, Ureno, walichunguza mbwa 92 wa nyumbani, wakachapisha matokeo mwaka 2020: waliofundishwa kwa ukali walionyesha dalili nyingi zaidi za wasiwasi kuliko waliofundishwa kwa zawadi, hata mate yao yalionyesha. Na mbwa mwenye wasiwasi hubweka kila kivuli, upepo na paka, mpaka wenye nyumba hawaamki tena. Huyo analinda nini?

Wala hatusemi watoto wakose nyama ili mbwa ale maini. Ule ugali ambao angepewa jioni, ukate vipande vidogo kama harage, uweke mfukoni pamoja na omena wachache. Shika kipande juu kidogo ya pua yake ukirudishe nyuma polepole. Kichwa kikiinuka, makalio yatashuka yenyewe. Yakigusa chini tu, sema "vizuri" na umpe. Si baada ya dakika moja, bali pale pale. Dakika tano asubuhi na tano jioni zatosha. Neno lenyewe lije baadaye, na liwe moja. Katika nyumba zetu baba husema "keti", nyanya husema "ikara thĩ", watoto waliotoka shule husema "sit", halafu mbwa anaitwa mjinga! Na wale wanaotuambia samaki mkunje angali mbichi, tunawaambia kwamba kwa mbwa methali hiyo ina nusu ya ukweli. Mbwa mzee hujifunza pia, ila anahitaji muda mrefu zaidi, kwa kuwa ana mengi ya kusahau.

Katika nyumba ile tuliyoisema, siku zile kumi binti mkubwa ndiye aliyepewa kazi ya kumlisha mbwa nyuma ya waya. Hakumgusa wala hakumsemesha. Kila alipopita alimrushia omena mmoja, akaenda zake. Siku za kwanza mbwa alijificha pembeni. Kabla ya siku ya kumi alikuwa akisikia sauti ya kandambili za binti yule, anasogea kwenye waya akitikisa mkia. Hakuwa na kichaa, naye baba akakubali aishi. Sasa mbwa hula peke yake mahali palipofungwa, na watu wazima tu ndio hupita kando na kumtupia kitu kitamu zaidi ya kile kilichomo sahanini, ili ajue kwamba anayekuja huleta, hanyang'anyi. Yule kijana bado hataki kupita karibu naye. Wala hatumlazimishi.

Jambo la mwisho. Serikali yetu iliweka mpango mwaka 2014 wa kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na wataalamu wasema kwamba mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Lakini mbwa asiyeshikika hachanjiki. Kwa hiyo msingoje siku ya chanjo itangazwe. Anzeni majuma mawili kabla: mguse sikio, umpe omena, mguse mguu, umpe omena, mvishe kamba shingoni, umpe, uivue tena. Na siku ikifika mleteni asubuhi na mapema kabla foleni haijawa ndefu, maana mbwa ishirini wakingoja pamoja juani, hata yule mpole husahau mafundisho yake yote.