Kuki ni Kadi, si Faili

Hotuba ya afisa wa TEHAMA wa kaunti kwa vijana wanaojifunza kuunda mifumo ya mtandaoni



Leo nazungumzia kitu kidogo kiitwacho kuki. Mwaka wa 1994, Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alibuni kuki kwa sababu seva ya tovuti husahau: kila ombi linaloifikia ni kama la mgeni. Kwa hivyo seva hukipa kivinjari alama kupitia mstari wa Set-Cookie, na kivinjari huirudisha kwa mstari wa Cookie kila unapofungua ukurasa mwingine.

Ifananisheni na kadi ya hospitali. Unapewa nambari, lakini faili lako hubaki ndani. Lau tungeandika "amelipa" kwa penseli kwenye kadi, nani angelipa?

Hilo ndilo kosa nililoliona katika mazoezi. Kijana mmoja aliandika kwenye kuki: wadhifa=karani. Mwenzake akafungua kivinjari chake, akabadilisha neno moja likawa "msimamizi", na mfumo ukamfungulia kila mlango. Hakuiba nywila ya mtu yeyote.

Kwa hivyo, seva ikipokea mstari wa Cookie, iusome kama maneno ya mtu asiyemjua. Kuki ibebe nambari ndefu isiyoweza kubahatishwa, basi. Wadhifa na malipo vitafutwe katika kumbukumbu za seva yenyewe.

Pia, kivinjari hurudisha jina na thamani ya kuki pekee. Masharti kama Secure, inayozuia kuki kupita njia isiyo salama, na HttpOnly, inayoificha isisomwe na JavaScript, hayarudi. Yakagueni kwenye Set-Cookie inapotoka.

Mnapotafuta hitilafu, msiache kuki nzima kwenye kumbukumbu za matukio. Atakayeiona nambari hiyo anaweza kuingia kama mwenyewe. Na mtu akibonyeza "Toka", seva nayo iifute nambari hiyo, hasa kwa ajili ya wanaotumia kompyuta za saiba.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inatutaka tulinde taarifa za watu. Mama anayelipia kibanda chake sokoni hajui kuki ni nini, wala si lazima ajue. Ni sisi tunaopaswa kujua.