Cheti Si Rehani
Mazungumzo na wazazi na vijana, Likoni

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma, sogeeni.

Leo nina karatasi moja tu ya kuizungumzia: cheti cha KCSE.

Hapa Likoni, na ukenda Kisauni na Changamwe ni yayo kwa yayo, kuna vijana waliomaliza fomu foo zamani. Mtihani walifanya, wakapita. Lakini cheti kiko ndani ya kabati la shule kwa sababu ya salio la karo. Kazi ikitangazwa bandarini, au polisi wakiandikisha, wao ndio wa kwanza kurudishwa nyumbani. Kijana anaishia kwenye kibarua, na kibarua chenyewe hakitoshi kulipa lile deni. Sasa atatoka vipi?

Sikilizeni. Sheria ya Baraza la Mitihani, yaani KNEC, ya mwaka 2012, kifungu cha 10, inasema cheti kisizuiliwe na mtu yeyote wala taasisi yoyote. Si ombi hilo, ni sheria.

Je, deni limekufa? Hapana, nisiwadanganye. Deni ni deni. Mwenye nacho alipe, hata kidogo kidogo, na asikubali kuondoka bila risiti. Lakini shule ina njia nyingine za kudai. Kumfungia kijana riziki si mojawapo.

Na walio bado darasani? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29: shule ya umma haitozi karo ya masomo. Michango mingine ikiidhinishwa, mtoto asikatazwe shule kwa kukosa kuilipa.

Basi tufanyeje? Usiende kugombana. Mwandikie barua mkuu wa shule, utaje hicho kifungu cha 10. Fanya nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe, ubaki nayo. Wakinyamaza, nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Wakikuzungusha, peleka malalamiko kwa Ombudsman. Hulipi chochote.

Na wewe mama usiyejua kuandika, usione haya. Mwanao akuandikie, akusomee, kisha utie dole gumba. Wangapi kati yetu tumepoteza haki kwa kutojua kusoma? Huyu mlimsomesha ajue. Aanze na barua hii.