Mitende na Makerubi: Maana ya Nakshi za Hekalu la Sulemani



Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 6, chaeleza kwamba kuta za Hekalu la Sulemani zilifunikwa kwa mbao za mierezi hata jiwe lisionekane, nazo zikachongwa nakshi za makerubi, mitende na maua yaliyochanua. Juu ya nguzo mbili za shaba, Yakini na Boazi, fundi Hiramu wa Tiro alizungusha makomamanga 200 kwa kila taji.

Nakshi hizo zakumbusha bustani. Katika Mwanzo 3 makerubi waliwekwa mashariki ya Edeni kuilinda njia ya mti wa uzima. Mlango wa Hekalu nao ulielekea mashariki. Basi kuhani aliyeingia alipita kati ya miti na makerubi, akiuelekea uwepo wa Mungu ambao mwanadamu aliupoteza.

Je, amri iliyokataza sanamu za kuchonga ilivunjwa? La. Makerubi hao hawakuwekwa ili waabudiwe, wala hakuna nakshi iliyomfananisha Mungu mwenyewe.

Hata hivyo, uzuri haukuwa kinga. Yeremia alisimama langoni akawaonya waliolitumainia jengo huku wakimdhulumu mgeni, yatima na mjane. Mwaka 586 K.K. Wababeli waliliteketeza, Zaburi ya 74 yaomboleza nakshi zilizovunjwa kwa mashoka na nyundo. Naye Ezekieli, akiwa uhamishoni, alioneshwa katika maono hekalu jingine, na kutani mwake mitende na makerubi vilevile. Mbao zilikuwa zimeungua, bali ahadi ya kurudi kwa Mungu ilikuwa ingali hai.