Pete Mguuni mwa Ndege
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi, siku ya mkutano wa waliosoma hapa)



Kila mtoto wa Kilwa na Lindi anamjua sululu, yule mwenye mdomo mrefu uliopinda, atafutaye kaa maji yakitoka. Wengi humdhani mwenyeji. La! Huyo huzaliwa kaskazini ya mbali, huko Urusi na Ulaya. Kwetu hukimbilia joto.

Safari za namna hii zimejulikanaje? Mwaka 1899, huko Denmark, Mortensen (mwalimu wa shule, kama hawa wenu) alianza kuwavisha ndege pete za alumini zenye namba na jina la mji wake. Jirani zetu Kenya walianza kazi hiyo Ngulia, mbugani Tsavo, mwaka 1969. Usiku wa ukungu, Novemba na Desemba, taa za hoteli huwavuta ndege wasafiri. Hunaswa kwa nyavu nyembamba, hupimwa, huvishwa pete, huachiliwa. Wamekwisha kupita laki mbili! Baadhi walipatikana baadaye Arabuni na Ulaya, vindege vya gramu 12 hivi.

Lakini pete haisemi mpaka iokotwe, na aokotaye si profesa. Ni mvuvi, mkulima, au mtoto mwenye manati. Ikifanywa kipuli, habari imekufa. Basi ukikuta ndege mfu mwenye pete, andika namba na maneno yote yaliyomo, mahali na tarehe. Mwalimu wa baiolojia akusaidie kuandika barua kwa anwani iliyomo. Aliye hai mwacheni aende nayo.