Majani Yanayonata: Mjue Mdudu Kabla ya Kununua Dawa

Hotuba ya afisa wa kilimo kwa wakaaji wa Kanyakine, Imenti Kusini



Wengi wenu mmeuliza jambo moja. Mmea ulio karibu na nyumba, uwe kichaka cha maua, mlimau au kahawa, majani yake yananata kama yaliyomwagiwa chai ya sukari. Baadaye yanafunikwa na weusi kama masizi ya jikoni. Mwenye mmea anaona ule weusi, anakimbia dukani kununua dawa ya ukungu, ananyunyiza, na majani yanaendelea kunata. Pesa zimekwenda bure.

Ndugu zangu, utamu ule hautoki kwenye jani. Unatoka kwa wadudu wanaofyonza utomvu wa mmea. Utomvu huo una sukari nyingi kuliko mdudu anavyohitaji, na inayozidi huitoa kama matone. Matone yanaangukia majani ya chini, na ukungu mweusi unaota juu ya sukari hiyo. Ukungu wenyewe hauli jani, lakini unalizuia kupata mwanga wa jua. Ukimwondoa mdudu, sukari inakwisha, na ukungu unakosa chakula.

Kwa hivyo, kabla ya lolote, angalia majani na matawi yaliyo juu ya lile linalonata. Geuza majani, tazama upande wa chini, kisha tazama vichipukizi. Utakuta mmoja wa hawa:

Vidukari: wadogo, laini, wa kijani au weusi, wamesongamana kwenye vichipukizi.

Wadudu magamba: wamebandika kama vifungo vidogo juu ya tawi au mshipa wa jani, wala hawasogei ukiwagusa.

Wadudu wa unga mweupe: wanafanana na vipande vya pamba penye vifundo vya matawi na kati ya matunda.

Inzi weupe: ukitikisa tawi, wanaruka kama vumbi.

Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shinani, wafuate. Watakufikisha kwa mwenye kosa. Wanakula ile sukari, na kwa malipo wanawafukuza maadui wa hao wadudu.

Sasa tiba. Kata matawi yaliyojaa wadudu na uyachome. Changanya kijiko kidogo kimoja cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, ujaribu kwanza kwenye majani machache na kungoja siku mbili. Yasipoungua, nyunyiza mmea wote jioni, hasa chini ya majani, kwa sababu sabuni humuua tu mdudu inayemgusa. Rudia baada ya wiki moja. Magamba ni magumu, kwa hivyo yasugue kwa mswaki mzee uliochovywa katika maji hayo. Kuzuia sisimizi, funga shina kwa kitambaa kisha upake grisi juu ya kitambaa, si juu ya gome. Kata pia matawi yanayogusa ukuta au mmea mwingine, wasije wakayageuza daraja.

Msikimbilie dawa kali. Dawa kali huua pia wale wanaotusaidia: mdudu mdogo mwekundu mwenye madoa meusi, na nyigu wadogo sana wanaotaga mayai ndani ya wadudu hawa. Hao wakifa, wadudu wanarudi wengi kuliko mwanzo.

Wakulima wa kahawa wa Kenya walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1923 wadudu wa unga mweupe walilipuka katika mashamba ya upande wa Thika, kisha wakaenea. Wataalamu walidhani ni aina nyingine iliyojulikana tayari, wakaenda kutafuta maadui wake hadi Asia, na hawakufaulu. Katika miaka ya 1930 ndipo ikajulikana kwamba mdudu yule ni aina ya peke yake, na kwamba kwao ni Uganda. Mwaka 1938 nyigu wadogo wakaletwa kutoka Uganda, na wakamdhibiti. Zaidi ya miaka kumi ilipita kwa sababu mdudu aliitwa jina lisilo lake.

Sisi hapa tunaishi kwa kahawa, chai na ndizi, na kichaka cha maua mlangoni kinaweza kuwa hatua chache tu kutoka kwa kahawa. Ukichunguza kichaka mapema, unalinda pia shamba.

Ikiwa umefanya haya mara mbili au tatu na majani bado yananata, kata tawi dogo lenye wadudu, lifunge vizuri ndani ya mfuko, ulete ofisi ya kilimo tulitazame pamoja. Ikilazimu dawa, iwe imesajiliwa na PCPB na iwe ya mdudu huyo. Soma kibandiko, vaa glavu na kinga ya mdomo, hesabu siku za kungoja kabla ya kuvuna, na weka chupa mbali na watoto.

Leo ukifika nyumbani, geuza jani moja.